Kiapo cha Sindano

Hakuna mwanamume aliyepata kunidanganya mimi tangu nizaliwe. Wanne tu ndio waliofaulu. Watatu kati yao niliwazalia watoto, na wa nne alikuwa fundi wa paa. Paa lenyewe linavuja mpaka leo.

Wa tano nilimnasa, na habari zake ndizo ninazotaka kuwapa. Mkiona mwandiko unayumba, msiseme ni uzee. Uzee ungetetemesha mikono yote miwili. Huu mmoja unatetemeka kwa hasira.

Nina mjukuu wangu, Sidi. Mama yake alifariki Sidi angali ananyonya, nikamlea mwenyewe hapa Kinango, ambapo mgeni akija tunampa kiti kwanza, maji baadaye, tena nusu kikombe. Alipokua aliolewa na Musyoki, kijana wa Kikamba ambaye wazee wake walihamia kule kwenye mashamba ya skimu, yale yaliyogawiwa na serikali, upande wa Kikoneni. Majirani walinisema. "Bibi, wamtoa mtoto kwa watu wa bara?" Nikawajibu kwamba wa pwani nimewaonja mwenyewe, na ladha yao naijua. Acheni mtoto ajaribu chungu kingine.

Na Musyoki hakuwa mbaya. Alikuwa akikata nyasi katika hoteli moja ya Diani, na alileta mkate kila alipokuja. Tatizo lake lilikuwa moja: alimwogopa mama yake kuliko alivyomwogopa Mungu, na Mungu mwenyewe alikuwa amefundishwa kumwogopa na huyo huyo mama. Jina lake mama huyo ni Syovata.

Sidi akazaa mtoto wa kike. Wakampa jina la Mumbe, jina la dada yake Musyoki aliyekufa mdogo. Mimi, kwa udadisi wangu, niliuliza yule Mumbe wa kwanza alikufa kwa nini. Syovata akanijibu, "Kijicho cha watu." Kijicho ni ugonjwa ambao hauna dawa wala maswali.

Mumbe wetu alipokaribia kutimiza mwaka, vidole vya mikono na vya miguu vilimvimba kama ndizi. Ukimgusa analia. Macho yakawa ya manjano. Tulimpeleka hospitali mara ngapi, sijui, na huko ndiko tulikoambiwa ni selimundu: chembe za damu yake hazikuwa mviringo, zilikuwa zimepinda kama mundu. Sikulala siku ile. Nilikuwa nikiwaza mtoto anavunwa kutoka ndani, na sisi tumekaa nje tunampepea kwa upepeo. Ilipokuja ile mvua kubwa iliyokata barabara kila mahali, Mumbe alizidiwa, na gari halikupita. Tulimzika hata hajajua kusema jina lake vizuri.

Mwaka uliofuata Sidi akapata mimba nyingine.

Pale hospitali wakamwambia jambo ambalo naliandika hapa kama nilivyolisikia, maana nilikuwapo. Ugonjwa huu mtoto huupata kwa baba na mama, wote wawili. Kila mmoja hubeba nusu yake bila kuumwa wala kujua, na mtoto akiangukiwa na nusu zote mbili, ndiyo maradhi. Mzazi mmoja tu akiwa nayo, mtoto hawezi kuugua. Kwa hiyo wapimwe wote. Sidi akapimwa siku ile ile. Alikaa kitini, akachomwa sindano mkononi, akapewa pamba, kwisha. Hata soda hatukupewa. Jibu likatoka: anabeba nusu.

Musyoki naye akaambiwa aende. Akaondoka kivyake siku nyingine, akarudi jioni anapiga mluzi. "Mimi niko safi," akasema. "Safi kabisa."

Sidi alifurahi, maskini. Alidhani kwamba habari hiyo ni njema. Mimi pia nilifurahi, tena nikala wali siku hiyo. Hatukuona kwamba kijana alikuwa ametutupia moto kwenye makuti. Aliyeuona ni Syovata.

Walikuja kwangu siku ya mnada wa mbuzi. Syovata mbele, Musyoki nyuma yake kama mbuzi aliyekosa mnunuzi, na Sidi mwisho kabisa, tumbo mbele, furushi la nguo kichwani. Nikalitazama lile furushi. Mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano habebi nguo zake zote kwa matembezi ya siku moja.

"Shikamoo, Bibi," akasema Musyoki.

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Wanakunyima chakula huko, au wakulisha maneno matupu?"

Msishangae. Kwetu mume wa mjukuu ni mume wa bibi. Naweza kumtukana, kumpekua mifuko, na nikitaka nimkalie mapajani mbele ya watu. Yeye hana ruhusa ya kununa, na nikimuuliza jambo ni lazima anijibu. Wakamba nao wana utani wa namna hiyo, kwa hiyo mimi na Musyoki hatukuwahi kuhitaji mkalimani.

Syovata hakucheka. "Mama, leo hatukukuja kwa mzaha."

"Mzaha hauji kwa miguu, Mama Musyoki. Wenyewe huwa upo. Karibuni mkeka."

Hakukaa. "Daktari alisema huu ugonjwa unataka watu wawili," akasema. "Mtoto wangu amepimwa, hana. Wako anayo. Sasa wewe ni mtu mzima, niambie. Ile nusu ingine ya Mumbe ilitoka wapi?"

Nilimwangalia Sidi. Alikuwa amesimama vile vile na furushi lake, hajalitua, machozi yanamtiririka bila sauti. Nikamwangalia Musyoki. Alikuwa anawatazama kuku wangu kwa makini, kama mtu atakayewanunua.

Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Walimzika mtoto, na sasa walikuwa wakimfukua ili wamuulize baba yake ni nani.

"Tua mzigo, mwanangu," nikamwambia Sidi. Kisha nikamgeukia Syovata. "Jambo hilo kwetu si gumu. Kuna kiapo. Shoka linatiwa motoni mpaka liwe jekundu, mzee anapitisha kiganjani. Mkweli haungui. Mimi nitatoa kuni. Sidi atatoa mkono wake na Musyoki atatoa wake. Na wewe pia, kama una kiganja cha ziada."

"Ushetani!" akasema Syovata. "Sisi tumeokoka. Hatuapi kwa shoka." Halafu akashusha sauti, akawa kama anayenipa siri ya wokovu wenyewe. "Kuna daktari anakuja Diani, kwa ile kliniki ilikuwa ya watalii. Ana sindano ya kuingia ndani ya tumbo mpaka kwa mtoto. Inatoa damu ya mtoto kabla hajazaliwa. Hiyo haina ushetani, na haina uongo. Ikisema mtoto ni mgonjwa, basi baba ni mwingine, na Sidi atabaki hapa kwenu."

"Na ikisema ni mzima?"

Akafikiri. "Tutaona."

Mnaona? Kiapo cha shoka angalau kina mlango wa kutokea. Ukiwa mkweli unapona, unakwenda nyumbani, watu wanakupigia vigelegele. Hiki cha sindano kilikuwa na milango miwili, na yote miwili inamtoa Sidi nje. Tena wanaoapishwa walikuwa wawili, na mmoja wao hajazaliwa hata akajitetee.

"Musyoki," nikasema, "na wewe wasemaje?"

"Mama amesema," akajibu, macho bado kwa kuku.

Basi tukaenda Diani. Nilikwenda kwa sababu Sidi alinishika kanga, akasema, "Bibi, usiponifuata sitarudi mzima."

Siku hizo watalii walikuwa wamekimbia kwa ajili ya vurugu za mwaka wa nyuma, na ile kliniki, iliyozoea kutibu Wazungu walioungua jua, ilikuwa na viti vingi na watu wachache. Daktari mwenyewe alikuwa Mdigo, Daktari Mwero, kijana aliyesomea ng'ambo, mpole, mwenye miwani inayomshuka puani. Alitukalisha sote wanne, akatueleza polepole. Kwanza ataangalia kwa mashine, mtoto aonekane kama kwenye televisheni. Kisha sindano ndefu itapita tumboni mwa mama mpaka kwenye kamba ya kitovu, avute damu kidogo sana, ikapimwe.

"Lakini si jambo la mchezo," akasema. "Mara nyingine kamba huvuja damu. Mara nyingine moyo wa mtoto hupungua mapigo. Kuna mimba ambazo hutoka baada ya sindano hii. Mimi huifanya pale wazazi wanapokuwa na shaka ya kweli na wakitaka kujua mapema. Nyinyi shaka yenu ni ipi?"

"Mke ana nusu, bwana hana," Syovata akajibu kabla ya mwenye tumbo.

Daktari akavua miwani. "Kama baba hana, mtoto hawezi kuugua. Sindano ya nini basi?"

"Ya ukweli," akasema Syovata. "Wa kwanza aliugua akakufa. Sasa atuambie yule alitoka wapi."

Na yule daktari mpole, mwenye adabu zake, akamtupia Sidi jicho. Lilikuwa jicho dogo tu, likarudi upesi. Lakini nililiona, na Sidi aliliona, na sitalisahau. Mtu amesoma mpaka ng'ambo, na jicho lake likaelekea mahali pale pale macho ya wauza mbuzi yanapoelekea.

"Mama Musyoki," nikasema, "na yule Mumbe wa kwanza, binti yako? Vidole vyake havikuvimba?"

"Yule alirogwa."

"Alaa! Kumbe waliookoka nao hurogwa?"

Daktari akaniangalia mimi sasa, halafu akamwangalia Musyoki. "Bwana, ni afadhali nikupime tena hapa. Ni jambo dogo."

Musyoki akajikaza. "Daktari, mimi nimeshapimwa. Nikaambiwa niko safi. Ama unaniita mwongo mbele ya mama yangu?"

"Hapana, hapana, samahani. Sikusema hivyo."

Ustaarabu huu wa pwani utatuua siku moja. Mwanamke tunamwita malaya bila haya, lakini mwanamume kumwita mwongo, astaghafiru, hilo ni tusi.

"Nataka kumsikia mwenyewe," akasema Daktari. "Mama, wewe wasemaje?"

Sidi aliinua uso. Machozi yalikuwa yamekauka. "Nichome, Daktari. Mimi namjua niliyelala naye, ni huyu peke yake. Nichome waridhike."

"Na mtoto akitoka?"

Sidi aliweka mkono juu ya tumbo, akauacha hapo.

Daktari alisema ataanza na mashine tu, kisha watazungumza tena wawili peke yao kabla ya kugusa sindano. Muuguzi akamchukua Sidi. Mlangoni aligeuka kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Tukabaki nje kwenye benchi sisi watatu. Syovata alijitenga mwisho wa benchi, akafumba macho, akaanza kusali kwa Kikamba. Nikamsogelea Musyoki mpaka nyonga zikagusana. Mimi mwilini nilikuwa nawaka. Ningeweza kumng'ata. Lakini mwanamume ukimng'ata anapiga kelele, na kelele si maneno. Nikajilazimisha kutabasamu, na meno yangu mnayajua, yamebaki ya kutabasamia tu.

"Mume wangu," nikamwambia, "wewe ni shujaa."

Akashtuka. "Kwa nini, Bibi?"

"Kupimwa damu wewe, ukarudi unapiga mluzi! Mimi nilipopimwa nusura nife." Sikuwahi kupimwa damu hata siku moja maishani mwangu. "Ile shubiri wanayokunywesha kwanza! Kikombe kizima! Mimi niliitapika yote, wakanipa nyingine. Wewe ulitapika?"

Alinitazama. Alikuwa na njia mbili, na nilimwona akizipima. Kusema hakunywa shubiri ni kukaribisha swali. Kusema aliinywa ni kuwa shujaa.

"Sikutapika," akasema. "Niliinywa tu."

"Yote?"

"Yote."

"Mwanamume! Haikuwa chungu?"

"Ilikuwa chungu, lakini nilivumilia."

Nikamgonga paja. "Ndiyo maana nakupenda. Na pale wanapokusimamisha kwa mguu mmoja damu ishuke, uliwezaje? Mimi nilimwangukia muuguzi. Walikusimamisha kwa mguu gani?"

Mwisho wa benchi, sala ya Kikamba ilikatika. Sikugeuka, lakini nilijua kuna jicho moja limefumbuka.

"Wa kulia," akasema Musyoki.

"Ee, wanaume ni wa kulia. Sisi hutusimamisha kwa wa kushoto. Muda mrefu?"

"Si mrefu sana." Alikuwa ameanza kupata raha, maskini. Hata akanyoosha ule mguu mbele kidogo, kama anayeukumbuka. "Mimi nilikaza tu misuli, Bibi. Dawa yake ni kukaza."

Nikainuka. Magoti yangu hulia nikiinuka, na siku hiyo yalilia kwa nguvu kuliko kawaida. "Njoo, mume wangu. Nishike mkono nikamwone mke mwenzangu."

Hawezi kukataa, ni utani. Akanishika mkono. Nami nikamshika wake, na mimi nimeteka maji kwa kamba miaka yote ya umri wangu. Nikishika sibanduki. Syovata akatufuata bila kuambiwa.

Nikausukuma mlango bila hodi. Sidi alikuwa amelala chali, tumbo linang'aa kwa yale mafuta yao, na kwenye kioo cha mashine kulikuwa na kitu cha kijivu kinachochezacheza, kichwa, na mkono mdogo karibu na mdomo. Vidole vyembamba. Nilivitazama vile vidole. Kando, kwenye sinia lililofunikwa kitambaa, sindano ilikuwa imelala inangoja.

"Bibi, tafadhali," akasema Daktari Mwero, "ngojeni nje."

"Nitangoja, baba. Nina swali moja la mtu mjinga. Mtu akipimwa damu ya selimundu, anasimama kwa mguu gani?"

"Mguu?"

"Mguu. Wa kulia au wa kushoto?"

Daktari alitabasamu, kama mnavyowatabasamia wazee. "Hasimami, Bibi. Anakaa kitini, damu inatolewa mkononi. Kwani nani amekuambia anasimama?"

"Na ile shubiri ya kunywa kwanza?"

"Hakuna shubiri. Hakuna cha kunywa kabisa."

"Basi mwambie na mume wangu huyu," nikasema, nikamvuta Musyoki mpaka karibu na kitanda. "Yeye alikunywa kikombe kizima, hakutapika. Kisha akasimama kwa mguu wa kulia, akakaza misuli. Ndivyo alivyopimwa akaambiwa yuko safi. Amenisimulia hapo nje sasa hivi, na mama yake amesikia. Au hukusikia, Mama Musyoki?"

Lile tabasamu la Daktari liliondoka. Alimtazama Musyoki kwa muda. Kisha akamtazama Sidi, na safari hii hakurudisha jicho upesi. Aliliinamisha chini.

"Bwana," akasema, "ulipimwa hospitali gani?"

"Ile..." Musyoki akalamba midomo. "Kuna hospitali zingine hufanya tofauti."

"Ipi?"

"Ile ya... kule upande wa..."

"Mwana wangu," Syovata akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu nzima. "Sema. Uliniambia ulienda. Ulienda wapi?"

Sidi alijiinua akaketi. Alichukua upande wa kanga yake, akafuta mafuta tumboni taratibu, akashusha gauni, kisha akalisukuma lile sinia la sindano kuelekea kwa Daktari.

"Hii iweke, Daktari," akasema. "Chukua ile ndogo ya mkononi. Huyu hapa mtu ambaye hajapimwa."

Niliuachia mkono wa Musyoki ili apimwe. Naye, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya mkewe, mbele ya mama yake, na mbele ya picha ya mwanawe iliyobaki kwenye kioo, akaificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.